Wali wa Rangi Tano wa Wazhuang: Namna ya Kuupika kwa Sikukuu ya Tatu ya Mwezi wa Tatu

Wazhuang ndilo kabila kubwa kuliko yote kati ya makabila 55 madogo ya China. Sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 19, wengi wao wakiishi Guangxi, kusini mwa nchi. Sikukuu yao kuu huangukia siku ya tatu ya mwezi wa tatu wa kalenda ya mwezi mwandamo. Kwa Kichina huitwa Sanyuesan, na tangu 2014 ni mapumziko ya siku mbili kwa kila mtu mkoani Guangxi, awe Mzhuang au la. Ni siku za kuzuru makaburi ya wazee, za nyimbo za majibizano, na za kurushiana mpira wa hariri uliotariziwa. Chakula chake ni wali wa kunata wa rangi tano: mweusi, mwekundu, wa zambarau, wa manjano na mweupe. Kwanza huwekwa mbele ya wahenga, kisha walio hai hugawiana.

Anayeujaribu mara ya kwanza hudhani ni pishi la asubuhi moja. Sivyo. Rangi nyeusi peke yake hudai siku mbili, na ndiyo inayopangia rangi nyingine zote wakati wake. Ukianza kwa kuosha mchele umeshachelewa. Anza na majani.

Tarehe, na kwa nini inagusa sufuria

Kwa kuwa mwezi wa tatu huhesabiwa kwa mwandamo, sikukuu huhama kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 Machi, 2026 ni tarehe 19 Aprili, na 2027 ni tarehe 9 Aprili. Tofauti hiyo ya karibu wiki tatu ni kubwa kwa mti unaochipua majira ya kuchipua. Sikukuu ikija mapema, majani ya kutengenezea rangi nyeusi ni laini, madogo, na yanatoa maji upesi. Ikija mwishoni mwa Aprili, majani yaleyale yamekomaa na kuwa magumu, na anayetumia kipimo cha mwaka jana hupata wali wa kijivu. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, tazama tarehe ya mwaka huo na ulipinde jani mkononi. Likikunjika bila kuvunjika, fuata vipimo vilivyo hapa chini. Likikatika kwa mlio, ongeza majani kwa theluthi.

Mchele

Kwa watu kumi hivi, chukua kilo 2.5 za mchele wa kunata, yaani nusu kilo kwa kila rangi. Ukiiva utakuwa karibu kilo 4 za wali. Kwa Kichina mchele huu ni nuomi. Wanga wake karibu wote ni amilopektini, aina ya wanga inayonata, na amilosi, ile isiyonata, ni kidogo mno. Ndiyo maana punje zake zikiiva hushikana, na ndiyo maana hulowekwa kisha hupikwa kwa mvuke, hauchemshwi. Ukiutumbukiza kwenye maji ya moto, punje hupasuka, rangi zote hutoka, na unachobaki nacho ni uji wa rangi ya tope.

Utautambua kwa macho. Punje mbichi ya mchele wa kunata ni nyeupe kama chaki wala haipitishi mwanga, ilhali ya mchele wa kawaida hung'aa kama kioo chenye ukungu. Kuna wenye punje ndefu na wenye punje fupi za mviringo. Wa mviringo hunata zaidi, lakini kwa mara ya kwanza afadhali wa punje ndefu: punje zake hubaki zimeachana kidogo, na rangi hazivamiani kwa urahisi.

Osha mara mbili tu, kwa mkono mwepesi. Usiusugue. Punje zilizovunjika hutoa vumbi la wanga, vumbi hilo hugeuka gundi kwenye maji ya rangi, na gundi huizuia rangi kuingia.

Rangi nyeusi

Hii ndiyo inayotofautisha wali wa Wazhuang na wali wowote wa rangi wa kununua. Hutoka kwenye majani ya mti wa fengxiang (Liquidambar formosana), na harufu yake ya utomvu ndiyo harufu ya sikukuu yenyewe.

Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya. Kichina hutumia neno fengye kwa majani ya fengxiang na pia kwa majani ya miti ya jamii ya Acer, ile inayopendwa kwa majani yake mekundu ya kupukutika. Acer siyo mti unaotafutwa hapa. Fengxiang ina jani lenye ncha tatu. Majani yake hupishana kwenye kitawi, moja kushoto, jingine mbele zaidi kulia. Ya Acer hutoka mawili mawili, yakitazamana. Matunda ya fengxiang ni vidonge vya mviringo vyenye miiba. Ukilisugua jani lake kati ya vidole hutoa harufu kali ya utomvu. Dalili hizi zote zisipokutana, usilitumie. Wala usichume miti ya kando ya barabara au ya bustani za mji, kwa kuwa hupuliziwa dawa za wadudu.

Kwa nusu kilo ya mchele unahitaji gramu 400 za majani machanga na vichipukizi. Chuma majani matatu au manne ya mwisho kwenye kila kitawi. Ngozi laini ya vichipukizi nayo ina rangi nyingi, usiitupe. Osha, kung'uta maji, kisha twanga kwenye kinu mpaka majani yawe kama kisamvu kilichotwangwa vizuri na kinu kianze kunuka utomvu. Mashine ya kusagia inafaa, ila saga kidogo kidogo na usitie maji mengi, maana majani yaliyokatwakatwa bila kupondwa hayatoi rangi.

Tandaza majani yaliyotwangwa kwenye ungo, kivulini, kwa saa moja au mbili. Yatabadilika kutoka kijani na kuelekea kahawia. Usiruke hatua hii ukidhani ni ya kupumzika tu: tanini za majani, yaani dutu zake za ukakasi, zinakutana na hewa, na huko ndiko weusi unakoanzia. Baada ya hapo yatie kwenye lita 1.2 za maji baridi, funika kwa kitambaa, uache kwa saa 24. Koroga mara tatu au nne. Siku ikiwa na joto kali, punguza iwe saa 18 na uweke chombo mahali penye ubaridi. Maji yakianza kutoa povu na kunuka kama kitu kilichochacha, yameharibika, na kuyachemsha hakutayaokoa.

Chuja kwa kitambaa cha pamba, ukikamua makapi kwa nguvu, kisha chuja tena kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Chembe za majani zikibaki hushika kwenye punje kama mchanga. Maji utakayopata yatakuwa ya kahawia iliyokolea, pengine yenye kijani kidogo, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani wamekosea. Hawajakosea. Weusi utakuja kwa joto.

Pasha maji hayo kwa moto mdogo mpaka nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, chovya kidole: ukiweza kukiacha kwa sekunde moja au mbili tu kabla hujakitoa, joto linatosha. Epua, tia mchele, koroga, funika. Maji yakiwa ya moto zaidi ya hapo, ngozi ya punje huanza kuiva na kuwa kama gundi, na rangi hubaki nje. Ukiuma punje baada ya kupika utaona moyo wake mweupe. Yakiwa ya baridi, rangi huingia polepole na hafifu.

Sufuria ina kazi yake hapa. Tanini zikikutana na chuma huwa nyeusi zaidi, ndiyo maana kwa desturi maji haya hupashwa kwenye karai la chuma. Alumini na chuma kisichoshika kutu havisaidii. Kama majani yalikuwa makomavu na huna karai la chuma, tia kipande cha chuma safi wakati wa kupasha na ukitoe baada ya dakika 20. Kisizidi hapo, maana wali utapata ladha ya msumari.

Baada ya saa nane punje zitakuwa za kijivu chenye buluu. Usiongeze kitu. Zikipata mvuke zitakuwa nyeusi.

Nyekundu na zambarau

Rangi hizi mbili hutoka kwenye mmea mmoja, honglancao (Peristrophe bivalvis), mmea mdogo unaopandwa nyuma ya nyumba. Wazhuang huutenga kwa umbo la jani. Wenye majani marefu yaliyokoza rangi hutoa zambarau. Wenye majani ya mviringo, mepesi zaidi, hutoa nyekundu. Kama unazo aina zote mbili, chemsha kila moja peke yake: gramu 250 za majani mabichi, au gramu 40 za makavu, kwenye lita 1.2 za maji kwa dakika 20 hadi 30. Tumia sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Karai la chuma lililoifaa rangi nyeusi huizima hii. Chuja, acha ipoe mpaka vuguvugu, ndipo utie mchele.

Ukiwa na aina moja tu, bado unaweza kupata rangi mbili, kwa kuwa rangi ya honglancao hufuata uchachu na uchungu wa maji. Gawa supu yake mara mbili. Sehemu ya kwanza itie maji ya majivu: loweka vijiko viwili vya majivu safi ya kuni kwenye kikombe cha maji, yaache yatulie, kisha tumia yale maangavu ya juu, kijiko kimoja cha chai kwa wakati mmoja, ukikoroga na kutazama. Itahama kutoka wekundu kwenda zambarau mbele ya macho yako. Simama hapo hapo. Majivu yakizidi, wali hupata ladha ya sabuni, punje hulainika kupita kiasi, na mchele wenyewe hugeuka manjano chini ya zambarau, ukawa rangi isiyo na jina. Sehemu ya pili itie matone machache ya siki ya mchele ili wekundu usimame.

Maji ya bomba au kisima yenye chokaa nyingi hufanya kazi ya majivu bila wewe kujua. Kama kila mara nyekundu yako huishia zambarau, ondoa lawama kwenye mmea na ujaribu maji ya mvua au ya chupa.

Kuhusu vibadala: maji ya kiazi chekundu (bitiruti) na ya tunda la pitaya yanavutia yakiwa mabichi, lakini rangi yake haivumilii mvuke wa dakika 40. Utaingiza wali mwekundu na kutoa wa kahawia hafifu. Mchele mweusi wa asili nao si badala ya fengxiang. Hutoa zambarau nzito, na harufu ni nyingine kabisa.

Manjano na nyeupe

Manjano ndiyo rahisi kuliko zote. Chukua matunda makavu 7 au 8 ya huangzhizi (Gardenia jasminoides), yaponde, yaloweke kwenye lita moja ya maji ya moto kwa nusu saa, chuja. Rangi yake ni krosini, ileile iliyo kwenye zafarani, nayo hushika mchele haraka: saa tatu au nne zinatosha. Matunda yakizidi, rangi huwa ya machungwa na wali huwa mchungu. Tena maji ya huangzhizi yasilazwe kwa siku nzima mahali pa joto, kwani matunda hayo yana kitu kingine ambacho kikikutana na protini za mchele huleta kijani-buluu. Yatengeneze na kuyatumia siku hiyohiyo.

Vijijini wengi hupenda zaidi maua makavu ya mimenghua (Buddleja officinalis), gramu 30 kwa lita moja, yakichemshwa dakika 15. Manjano yake ni mpole kuliko ya huangzhizi, lakini harufu yake ni tamu kama asali, na kwa kweli ukiweza kuyapata usihangaike na kingine. Nunua yale yanayouzwa kwa ajili ya chakula, kwa jina hilo. Jamii ya Buddleja ina mimea mingi ya mapambo isiyofaa kuliwa.

Manjano ya unga (bizari) inakubalika, ila ina tabia moja: ikiguswa na majivu hugeuka nyekundu. Ukiitumia, iweke mbali na zambarau iliyotiwa majivu, la sivyo utapata madoa ya rangi ya matofali kwenye mpaka wao.

Nyeupe ni mchele uliolowekwa kwenye maji safi.

Mpangilio wa saa

Tuseme wali unatakiwa uwe tayari saa moja asubuhi ya sikukuu, kabla familia haijaondoka kwenda makaburini. Siku mbili kabla, jioni, majani ya fengxiang yawe yametwangwa, yamepigwa hewa na kutiwa majini. Siku moja kabla, jioni, chuja maji ya majani na uchemshe honglancao. Saa kumi na mbili jioni loweka mchele wa manjano. Saa nne usiku utoe, uuchuje na uufunike kwa kitambaa kibichi mahali pa baridi. Saa tatu usiku loweka mweusi, mwekundu, wa zambarau na mweupe. Zote hizo zitalala majini saa nane.

Kila bakuli liwe na maji yanayopita mchele kwa sentimita 3, kwa kuwa punje huvimba na zile za juu zikibaki wazi zitakuwa na mabaka. Usiku ukiwa wa joto, usivuke saa kumi, maana mchele uliolowekwa huchacha haraka kuliko mtu anavyodhani. Kabla ya kumwaga, tenga mililita 100 za kila rangi, utazihitaji.

Saa kumi na moja alfajiri mwaga maji, suuza kila rangi mara moja kwa maji safi, kwa haraka, kila rangi kwenye chujio lake. Kuisuuza hakuondoi rangi iliyoingia ndani ya punje, bali ile ya juu ambayo ingechujuka na kumchafua jirani. Acha ichuruzike maji kwa dakika 30 kamili. Mchele unaoingia kwenye mvuke ukiwa unadondosha maji hutoka bokoboko.

Kupika kwa mvuke

Kijadi hutumika pipa la mbao lenye tundutundu chini, likiwekwa juu ya karai la maji yanayochemka. Mbao hunyonya unyevu, kwa hiyo matone ya maji hayadondoki juu ya wali. Vyombo vya mianzi vya ngazi nazo hufanya vivyo hivyo. Kama chombo chako ni cha chuma, funga kifuniko kwa kitambaa kikavu cha pamba ili kinywe matone. Bila hicho kitambaa utaona mashimo ya rangi iliyofifia juu ya wali, na chanzo chake ni matone hayo tu.

Tandaza shashi yenye unyevu, tia mchele bila kuukandamiza, kina kisizidi sentimita 8. Toboa matundu kadhaa kwa kijiti cha kulia ili mvuke upite. Ukipika kwa ngazi, rangi nzito ziwe chini na nyepesi juu: mweusi chini kabisa, kisha zambarau, mwekundu, manjano, na mweupe kileleni. Unyevu hushuka, na doa jeusi kwenye wali mweupe haliondoki. Ukipika zote kwenye chombo kimoja kipana, zitenganishe kwa mikunjo ya kitambaa au vipande vya jani la ndizi, na mweupe usipakane na mweusi. Mimi binafsi ningeshauri ngazi kwa yeyote ambaye hajazoea, hata kama chombo kimoja kinaonekana kizuri zaidi kinapofunuliwa mezani.

Maji ya chini yawe yanachemka kwa nguvu kabla hujaweka mchele, na yawe sentimita 5 chini ya wali. Anza kuhesabu mvuke unapotoka juu. Baada ya dakika 20 funua, nyunyizia kila rangi vijiko vitatu vya maji yake yale uliyotenga, geuza wali kwa upole kutoka chini kwenda juu, funika tena. Usinyunyizie maji meupe, yataosha rangi. Hatua hii ndiyo inayoamua kama wali utakuwa laini mpaka ndani au utabaki na kiini kigumu. Mvuke peke yake hautoshi kuulainisha. Endelea dakika 20 hadi 25. Ukiongeza maji chini, yawe yanachemka, kwani maji baridi hukata mvuke na wali husimama nusu njia.

Onja punje kutoka katikati, si za pembeni. Iwe laini, yenye kuvutika kidogo, isiyo na chenga ndani. Epua, acha dakika 10 kifuniko kikiwa wazi kidogo.

Wapo wanaochanganya chumvi kidogo na kijiko cha mafuta ya karanga au ya nguruwe kabla ya kupika, au wanaoweka karanga zilizolowekwa. Mafuta hufanya punje zing'ae na zisishikane mno. Mafuta yakizidi kijiko kimoja kikubwa kwa kilo, hata hivyo, punje hukataa kushikana kabisa, na wali huu huliwa kwa kufinyangwa mkononi.

Ukienda mrama

Weusi ukitoka kijivu, sababu karibu kila mara ni moja kati ya tatu: majani makomavu, kutwanga kwa haraka, au maji ya kulowekea yaliyokuwa baridi. Kabla ya kupika bado unaweza kuurekebisha kwa kuyapasha tena maji yale kwenye karai la chuma na kuurudisha mchele kwa saa mbili. Baada ya kupika, hapana. Ukiwa na kiini kigumu, nyunyizia maji ya rangi yake, upike dakika 15 zaidi. Ukiwa bokoboko, tandaza kwenye sinia pana na uupepee. Utakaza kiasi, ingawa hautarudi kuwa ulivyopaswa kuwa. Rangi zikivamiana mpakani, mara nyingi hukuuchuruzisha mchele muda wa kutosha.

Madoa meupe kwenye wali mwekundu ni punje zilizoelea juu ya maji. Koroga bakuli mara moja kabla ya kulala, yatosha.

Kupakua, kubeba, kuhifadhi

Weka rangi kwa mafungu yanayogusana bila kuchanganywa, mweupe katikati. Sehemu ya wahenga huchotwa kwanza, kabla mtu yeyote hajaonja. Wa makaburini ubebwe kwenye kikapu cha mianzi kilichotandikwa majani, ukiwa umeshapoa na kuwa vuguvugu. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki ungali wa moto: mvuke hugeuka maji, na kazi ya siku mbili hujichanganya njiani. Huliwa na nyama ya nguruwe ya kuchoma, soseji zilizokaushwa, au sukari tu kwa watoto.

Wali uliopikwa usikae zaidi ya saa mbili kwenye joto. Bakteria wa wali huacha sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Utakaobaki ufinyange kuwa mikate myembamba, uufunike, na uuweke kwenye jokofu kwa siku mbili au kwenye friza kwa mwezi. Baridi huufanya kuwa mgumu kama kipande cha ubao. Huo si uharibifu, ni wanga tu uliojipanga upya. Mvuke wa dakika 12 huurudisha. Au ukaange kwenye karai lenye mafuta kidogo mpaka pande zote mbili ziwe na ukoko; wengi hungoja siku ya pili kwa ajili ya ukoko huo.

Maji ya rangi yaliyobaki yana kazi pia. Mayai yaliyochemshwa yakilala humo usiku kucha hutoka na rangi za sikukuu, na vijana huyagonganisha wakati wa nyimbo za majibizano, kila mmoja akitazama yai la nani litapasuka. Kwa rangi safi, yapanguse mayai kwa siki kwanza ili maji ya rangi yashike ganda.

Wamiao na wali wao

Pishi hilihili, kwa mabadiliko madogo, hupatikana kwa makabila mengine madogo ya China: Wabuyei wa Guizhou na Wamiao. Wamiao wa Taijiang, mkoani Guizhou, huutumia siku ya 15 ya mwezi huohuo wa tatu, kwenye Sikukuu ya Wali wa Akina Dada. Wasichana huwapa wavulana wali wa rangi uliofungwa kwenye kitambaa, na ndani yake huficha jibu. Sindano za msonobari humwambia mvulana alete nyuzi na vitambaa vya kutarizi. Jozi ya vijiti vya kulia humpa tumaini la ndoa. Pilipili au kitunguu saumu humaliza maneno. Ukitaka kupika kwa ajili ya sikukuu hiyo, fuata vipimo vyote vilivyotangulia isipokuwa mafuta, ambayo uyaache kabisa, kwani wali lazima ushikane vya kutosha kulificha jibu mpaka mvulana atakapoufungua.